Ulinganisho: mtoano wa ubingwa wa konferensi, hoki ya barafu ya vyuo Marekani (wanaume). Uwanja huru (usio wa timu yoyote) au nyumbani kwa aliyemaliza juu?

BarafuNgumu:
Wakuu, kila Machi tunabishana jambo hili kwenye nyuzi tano tofauti. Naomba safari hii tulimalize sehemu moja, tena kwa hoja.

Kwa wageni: hoki ya vyuo ya daraja la kwanza kwa wanaume ina ligi sita, wao huziita konferensi. Ni Hockey East, ECAC, Big Ten, NCHC, CCHA na Atlantic Hockey America. Msimu wa kawaida ukiisha kila ligi inaendesha mtoano wake. Bingwa wa mtoano, siyo aliyeongoza msimamo, ndiye anayepata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo) yenye timu 16. Nafasi 10 zinazobaki hutolewa kwa viwango vya msimu mzima.

Mifumo ninayotaka tuilinganishe ni hii:

1. Hockey East: timu 11, mechi moja tu kila hatua. Timu 5 za juu hazichezi raundi ya kwanza. Robo fainali ni nyumbani kwa aliye juu, halafu nusu fainali na fainali zinapigwa TD Garden, Boston.

2. ECAC: timu 12. Namba 5 hadi 12 wanaanza kwa mechi moja, robo fainali ni mshindi wa mechi mbili kati ya tatu, nusu na fainali Lake Placid, New York.

3. Big Ten na CCHA: hakuna uwanja huru. Hadi fainali unacheza nyumbani kwa timu iliyomaliza juu zaidi kati ya zilizobaki.

Upi unatoa bingwa wa haki? Na upi unamfaa mtu anayetaka kusafiri au kukesha aangalie?

Nyavu_Zatikisika:
NCHC usiisahau. Tangu 2014 ilikuwa kundi la uwanja huru: Target Center ya Minneapolis, kisha Xcel Energy Center ya St. Paul kuanzia 2018 (isipokuwa 2021, yote yalichezwa Grand Forks). Fainali ya mwisho pale ilikuwa ya 2025, Western Michigan akamfunga Denver 4-3 katika muda wa nyongeza wa pili. Kuanzia 2026 wameamua kurudisha hatua zote kwenye viwanja vya vyuo.

Big Ten walipita njia hiyo hiyo mapema. 2014 hadi 2017 walipokezana St. Paul na Detroit, wakajikuta na viti vingi vitupu. 2018 wakahamia nyumbani kwa vyuo na hawajageuka.

Mahesabu:
Kwenye suala la haki tupige hesabu, kwa sababu wengi wanadhani mechi mbili kati ya tatu ndiyo dawa.

Chukua timu bora yenye uwezekano wa asilimia 60 kushinda mechi yoyote. Mechi moja: 60. Mbili kati ya tatu: kushinda zote mbili za kwanza ni 0.6 × 0.6 = 0.36. Kupoteza moja ya mwanzo kisha kushinda ya tatu ni 2 × 0.6 × 0.6 × 0.4 = 0.288. Jumla asilimia 64.8. Yaani umeongeza chini ya asilimia 5 kwa kucheza wikendi nzima.

Sasa tembea njia yote ya aliye namba 1:
Hockey East anahitaji mechi tatu: 0.6 × 0.6 × 0.6 = asilimia 21.6.
ECAC ana robo ya mechi tatu, halafu mechi mbili: 0.648 × 0.36 = kama asilimia 23.3.
Big Ten (mfumo uliotumika hadi 2025): namba 1 haingii raundi ya kwanza kabisa, anacheza mechi mbili tu: asilimia 36.

Hapo bado sijaweka faida ya nyumbani. Kinachombeba aliye juu ni hatua anayoiruka. Mechi tatu zinasaidia kidogo tu. Ukitaka kumlinda aliyefanya kazi tangu Oktoba, mpunguzie raundi.

BarafuNgumu:
Mahesabu, Big Ten nilidhani ni mechi moja moja mwanzo mwisho?

Mahesabu:
Katika mfumo huo timu zilikuwa 7. Raundi ya kwanza namba 2 dhidi ya 7, 3 dhidi ya 6, 4 dhidi ya 5, mbili kati ya tatu, zote nyumbani kwa aliye juu. Nusu na fainali ndizo mechi moja.

KipaMstaafu:
Hesabu nimeikubali, ila watu wakisema "faida ya nyumbani" wanafikiria kelele tu. Kuna jambo la kiufundi kubwa kuliko kelele: nani anabadilisha wachezaji wa mwisho.

Mchezo ukisimama, utaratibu ni huu. Timu ngeni inaingiza safu yake kwanza. Mwamuzi anaipa muda mfupi, kisha anainua mkono, na hapo mwenyeji anaingiza yake akiwa tayari ameona aliyesimama upande wa pili. Baada ya hapo mgeni harusiwi kubadili mpaka kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) kidondoshwe. Kocha mwenyeji mwenye safu nzuri ya kukaba ataibandika kwa washambuliaji wako bora usiku kucha. Mgeni anajinasua kwa njia moja, kubadilisha huku mchezo unaendelea, na hapo ndipo anakamatwa na wachezaji wengi mno uwanjani, anakula adhabu ya dakika 2.

Sasa, wengi hawajui kwamba hata TD Garden au Lake Placid aliye juu kwenye msimamo ndiye anayehesabiwa mwenyeji. Haki ya kubadili mwisho inabaki kwake. Uwanja huru unamnyang'anya mashabiki na barafu aliyoizoea, haumnyang'anyi hiyo.

Jingine la kuangalia ni muda wa nyongeza. Msimu wa kawaida ni wachezaji watatu kwa watatu, dakika 5. Kwenye mtoano ni watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, wa kwanza kufunga amemaliza kazi. Timu hubadilishana pande kila kipindi, kwa hiyo kipindi cha nne, yaani cha kwanza cha nyongeza, kinafanana na cha pili: benchi yako iko mbali na lango lako. Beki aliyechoka ana safari ndefu kufika benchi, na ukibanwa sekunde 50 kwenye eneo lako hakuna anayeweza kutoka. Magoli mengi ya mwisho wa usiku yanatokea hapo. Jicho liwe kwa mabeki, usifuate kisahani peke yake.

Nyavu_Zatikisika:
Kwenye muda wa nyongeza kuna mfano unaogusa hoja ya Mahesabu moja kwa moja. Machi 2015, raundi ya kwanza ya Hockey East (wakati huo ilikuwa mbili kati ya tatu), Massachusetts walimfunga Notre Dame 4-3 kwake, baada ya vipindi vitano vya nyongeza. Dakika 151 na sekunde 42, mechi ndefu kuliko zote katika historia ya hoki ya vyuo Marekani. Notre Dame wakashinda mbili zilizofuata na wakasonga wao.

Kwa mfumo wa leo wa Hockey East, Massachusetts wangesonga usiku ule ule. Binafsi naona mfumo wa zamani ulikuwa wa haki zaidi, hata kama hesabu inasema tofauti ni ndogo.

KisahaniCheusi:
Upande wa pili wa kucheza nyumbani kwa vyuo: vifaa. Viwanja vya vyuo kwa kawaida vina kamera chache kuliko uwanja wa NHL (ligi ya kulipwa), na fainali ya CCHA ya 2022 pale Mankato, nyumbani kwa Minnesota State, ilionyesha kwa nini ni muhimu.

Minnesota State na Bemidji State, 1-1, muda wa nyongeza. Minnesota State wanafunga, glavu zinarushwa, kombe linakabidhiwa. Baadaye picha za upande zikaonyesha kisahani hakikupita mdomoni mwa goli, kilipenya chini ya fremu kwa ubavuni. Timu zikarudishwa kwenye barafu takriban saa moja baada ya watu kudhani mambo yamekwisha, wakacheza tena. Minnesota State wakafunga goli halali, 2-1.

Inawezekanaje? Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na limeshikiliwa na vigingi vinavyonyumbuka vilivyozamishwa kwenye barafu. Vimewekwa vinyumbuke makusudi ili mchezaji akigonga mlingoti asivunjike mbavu. Sasa kipa au beki akiegemea mlingoti, kitako cha fremu kinaweza kuinuka bila goli zima kung'oka. Kisahani kina unene wa sentimita 2.5. Mwanya huo tu unatosha. Kwa kamera ya juu ya goli unaona kisahani kiko ndani ya nyavu na unaapa ni goli. Jibu liko kwenye kamera ya chini, ya pembeni.

Kwa hiyo ligi inayopeleka fainali chuoni ipeleke na kamera za ziada. Hilo halina mjadala kwangu.

BintiWaUpanga:
Nijibu sehemu ya safari, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa.

Boston ndiyo rahisi. TD Garden imekaa juu ya stesheni ya North Station. Ukitoka New York kwa treni ya Amtrak usiende hadi South Station. Shuka Back Bay, panda Orange Line, unatokea North Station bila kubadilisha tena. Wanaotoka Portland, Maine, wana treni ya Downeaster inayoishia hapo hapo chini ya uwanja. Uwanja unaingiza karibu watu 17,850 kwa hoki, kwa hiyo kukosa kiti ni nadra labda vyuo viwili vya Boston vikutane fainali, kama 2024 Boston College alipomfunga Boston University 6-2. Tahadhari moja: usikariri kwamba fainali ni Jumamosi. 2025 ilikuwa Ijumaa, Maine akimfunga UConn 5-2. Angalia kalenda ya mwaka husika kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Lake Placid ni habari nyingine. Ni mji mdogo wa milimani, na Machi vyumba unagombania na watu wa kuteleza thelujini Whiteface. Weka chumba mapema, timu utazijua baadaye. Ukitua Albany ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Ukitua Burlington, Vermont, unavuka Ziwa Champlain, na kivuko cha kutegemea ni cha Grand Isle kwenda Plattsburgh kwa sababu kinafanya kazi mwaka mzima. Montreal inaonekana karibu kwenye ramani, lakini ni Kanada: mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya huko pia, na ahakikishe viza yake ya Marekani inamruhusu kuingia. Lakini ukifika umefika. Unakaa ndani ya ukumbi ule ule ambao Marekani waliwafunga Wasovieti 4-3 tarehe 22 Februari 1980, na kwa ukubwa wake hakuna kiti cha mbali.

Fainali za vyuoni ndizo ngumu kupanga. Mji wa fainali unajulikana usiku wa nusu fainali, wiki moja kabla au pungufu. Wenye tiketi za msimu na wanafunzi wanatangulia, wageni wanapewa kipande kidogo. Munn Ice Arena ya Michigan State ni ya watu 6,500 hivi. Ile ya 2025 walipomfunga Ohio State 4-3 katika nyongeza ya pili, aliyengoja kujua mji ndipo atafute tiketi alikuwa amechelewa.

BarafuNgumu:
Asante dada, umenyoosha. Na wa kukesha?

KisahaniCheusi:
Tatizo la kwanza ni saa, na linawaangusha watu kila mwaka. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, sisi hatusogezi. Raundi za mwanzo zikiangukia kabla ya hapo, mechi ya saa moja jioni Boston ni saa tisa usiku Nairobi na Dar. Baada ya hapo ni saa nane usiku. Bukavu na Lubumbashi toa saa moja, Muscat ongeza moja. Minnesota wako nyuma ya Boston kwa saa moja, kwa hiyo ongeza moja tena.

Siku ya nusu fainali kwenye uwanja huru kuna mechi mbili, alasiri na jioni. Ya alasiri inaanguka kama saa tano usiku kwetu, hiyo ndiyo ya kuangalia kama una kazi asubuhi. Ya pili usiiamini saa yake: ya kwanza ikienda nyongeza, kila kipindi kipya kinaleta mapumziko ya dakika 15 na Zamboni kulainisha barafu upya, na mechi ya pili inasogea yote.

Huduma ya mtandaoni ya ESPN (zamani ESPN+) inayobeba Hockey East na ECAC imefungwa nje ya Marekani, kwa hiyo hakikisha haki za eneo lako kabla hujalipa chochote.

KipaMstaafu:
Kuna hoja hatujaigusa. Mnasema uwanja huru unatoa bingwa wa kubahatisha. Cornell 2025 hawakuwa hata kwenye nne za juu za ECAC. Wakapita Lake Placid, wakachukua kombe kwa kumfunga Clarkson 3-1, bila hilo wasingeingia NCAA. Mechi yao ya kwanza ya taifa, pale Toledo, wakamtoa Michigan State, bingwa wa Big Ten aliyelindwa na mfumo wote wa nyumbani, 4-3.

Mahesabu:
Mechi moja haithibitishi mfumo, mkuu. Na nyumbani hakumlindi mtu kila mara: mwaka huo huo fainali ya Atlantic Hockey America ilichezwa kwa Holy Cross, na Bentley akaondoka na kombe, 6-3.

KipaMstaafu:
Sijasema inathibitisha. Nasema timu iliyoshinda siku mbili mfululizo mahali pasipo pake imeshafanya zoezi la mashindano ya taifa, kwa sababu mechi za kanda za NCAA nazo ni za uwanja huru na ni mechi moja moja. Kocha anayejiandaa kwa hayo angechagua Lake Placid au Boston. Kocha anayetaka malipo ya msimu mzuri angechagua nyumbani.

BintiWaUpanga:
Basi kwa msafiri wa mara ya kwanza nashauri Boston, na anunue tiketi ya siku ya nusu fainali kuliko ya fainali kama pesa inatosha moja tu. Kwa kawaida tiketi hiyo inafungua mechi zote mbili, na unaona vyuo vinne. Afike kabla ya mazoezi ya kupasha mwili ya mechi ya kwanza, aketi upande wa goli ambalo timu yake italishambulia kipindi cha kwanza na cha tatu.