Mashindano ya vijana ya sketi za barafuni: kiatu kinaachia kisigino na bado wanakimbia, imekaaje hii?

mtazamaji_wa_usiku
Wakuu habari zenu. Juzi nilikuwa natafuta mpira nikaangukia kwenye mashindano ya dunia ya vijana ya mbio za sketi za barafuni (nasema viatu vya kuteleza, msianze utani wa sketi na blauzi), nikasema niangalie dakika mbili nilale, kuja kushtuka masaa mawili yamepita. Sasa nina maswali na najua humu ndani hakukosi mtu anayefuatilia.

Kwanza viatu. Kamera ilivyomsogelea dogo mmoja nikaona kila akisukuma mguu kisigino kinaachana na bledi, yaani kiatu kinanyanyuka chuma kinabaki chini kwenye barafu halafu kinajirudi paa! Nikajua kimemvunjikia maskini, nikawa nasubiri aanguke, haanguki. Kumwangalia mwenzake naye vile vile.

Halafu wanakimbia wawili wawili. Mwenye kitambaa cheupe mkononi kamwacha wa chekundu mbali kabisa, anamaliza, anaangalia ubao, anashika kichwa kama kafiwa. Sasa umeshinda unalia nini?

Na kilichoniuma zaidi, kuna binti alikuwa anateleza vizuri tu, wakati wa kubadilishana njia akamkaribia mwenzake, hata hawajagusana, baadaye matokeo yake yakafutwa. Kuja kutangaza bingwa wa jumla wa wavulana anapewa dogo ambaye nilimwona akipigwa na mtu yule yule mbio tatu. Nieleweshwe taratibu jamani.

bledi_ndefu
Hahaha kiatu hakijavunjika mkuu, ndo kilivyo. Kinaitwa klap, jina limetokana na huo mlio uliousikia. Bledi imefungwa kwa bawaba mbele karibu na vidole, nyuma iko huru na kuna springi ya kuirudisha. Zamani bledi ilikuwa imekazwa mbele na nyuma, kwa hiyo ukitaka kumalizia msukumo kwa kukunjua kifundo cha mguu ncha ya mbele inachimba barafu, ikabidi watu wafundishwe kusukuma bila kutumia kifundo, nguvu yote ya pale mwisho inapotea bure. Hii ya bawaba inakuachia ukunjue mguu mpaka mwisho huku chuma chote bado kimelala kwenye barafu.

Sasa utamu uko hapa na ndo maana nimefurahi umeuliza kwenye uzi wa vijana. Hiyo kitu iliendelezwa na watafiti wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit cha Amsterdam, mkubwa wao Gerrit Jan van Ingen Schenau, wakahangaika nayo miaka na miaka na mastaa wakubwa hawataki hata kuisikia. Ebu fikiria, mtu keshajifunza kuteleza kwa namna moja tangu mtoto, ana medali zake ndani, unamletea kiatu kinacholia kama bawaba ya mlango mbovu. Waliokubali ni madogo! Msimu wa 1994/95 vijana 11 wa jimbo la Zuid-Holland kule Uholanzi wakakivaa, muda wao ukashuka kuliko wa wenzao waliobaki na viatu vya kawaida. Hapo ndo wakubwa wakaanza kugeuza shingo. Olimpiki ya Nagano 1998 karibu kila mtu anacho na rekodi zikaanguka kama maembe. Kwa hiyo kile kiatu ulichodhani kimevunjika, vijana ndo walikitoa gizani.

hesabu_za_barafu
Bledi kamaliza la viatu, mie nachukua hilo la bingwa aliyepigwa.

Aliye pembeni yako siyo mpinzani wako peke yake, unashindana na saa. Jozi zote zikishapita ndo wanapanga nani wa ngapi kwa muda. Huyo wa kitambaa cheupe (cheupe maana yake alianza leni ya ndani, chekundu ya nje) inawezekana kampiga mwenzake vizuri lakini ubao umemwambia yeye ni wa kumi na nne. Hata ningekuwa mimi ningeshika kichwa.

Ubingwa wa jumla unatoka kwenye mbio nne, wavulana mita 500, 1000, 1500 na 5000, wasichana ya mwisho ni 3000. Kila muda unageuzwa kuwa pointi kwa kuuliza mita 500 umeziteleza kwa sekunde ngapi kwa wastani. Yaani 500 unaiacha kama ilivyo, 1000 unagawa kwa 2, 1500 kwa 3, 5000 kwa 10. Unajumlisha, mwenye pointi CHACHE ndo bingwa.

Chukua mfano wa kubuni. Juma 500 kafanya 36.50, 1000 kafanya 1:12.00, 1500 kafanya 1:48.00. Ali kafanya 37.10, 1:12.20 na 1:48.60, kapigwa zote tatu. Wakaja 5000, Juma 6:50, Ali 6:40. Piga hesabu: Juma 36.50 + 36.00 + 36.00 + 41.00 = 149.50. Ali 37.10 + 36.10 + 36.20 + 40.00 = 149.40. Ali bingwa. Na hiyo pointi 0.1 kwenye 5000 ni sekunde moja tu, ndo maana mizunguko ya mwisho unaona kocha amesimama pembeni ya uwanja na ubao anapiga kelele kama anauza samaki.

mtazamaji_wa_usiku
Aisee kwa hiyo Juma kampiga mwenzie mara tatu na bado kalala na viatu, hii hesabu katili. Na yule binti je?

leni_ya_nje
Uwanja ni wa mita 400, leni mbili, na ya ndani ni fupi, kwa hiyo ili wote wateleze umbali sawa kila mzunguko lazima wapishane upande wa pili, wa ndani anaenda leni ya nje, wa nje anaingia ndani. Wakifika hapo pamoja, anayetoka nje kuingia ndani ndo mwenye haki ya njia. Anayetoka ndani ana wajibu wa kupisha, akimzuia mwenzie hata bila kumgusa makosa ni yake. Vijana ndo wanaponzwa sana hapo, kwa sababu kupisha maana yake kupunguza mwendo, na ukiwa na miaka kumi na sita hutaki kupunguza kitu chochote.

Halafu mimi nina dukuduku langu. Mbona hamsemi kuhusu viwanja? 2018 vijana walipelekwa Salt Lake City, uwanja una paa, uko juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, unapaa tu. 2025 wakapelekwa Collalbo Italia, uwanja wa wazi milimani. Uwanja wa wazi jozi ya tatu inaweza kukuta jua, jozi ya kumi upepo umeanza, na mnasema wanashindana na saa! Saa ya nani?

bledi_ndefu
Leni hapo nakubaliana na wewe nusu. Upepo kweli unaonea watu, ila mtoto aliyezoea uwanja wenye paa tu akikutana na barafu ngumu ya nje anajifunza kitu. Ukitaka kali zaidi, Olimpiki ya vijana ya 2020 hizi mbio walizifanya juu ya ziwa la St. Moritz kule Uswisi, barafu ya Mungu mwenyewe.

dada_wa_mizunguko
Mie naongezea moja maana naona watu wanamchukulia bingwa wa vijana kama tayari staa. Wapo kweli. Eric Heiden wa Marekani 1977 alichukua ubingwa wa dunia wa vijana na wa wakubwa mwaka huo huo, Olimpiki ya Lake Placid 1980 akazoa dhahabu zote tano. Jordan Stolz 2023 umri wake bado wa vijana (unatakiwa uwe hujafikisha miaka 19 kabla ya tarehe 1 Julai iliyotangulia mashindano) akaenda mashindano ya dunia ya wakubwa Heerenveen, Uholanzi, akarudi na dhahabu tatu, 500, 1000 na 1500.

Lakini mcheki Miho Takagi wa Japani. Olimpiki ya Vancouver 2010 yumo, ana miaka 15. Bingwa wa dunia wa vijana 2012, tena 2013. Halafu ikaja Sochi 2014 na timu ya taifa ikaondoka bila yeye! Bingwa wa vijana mara mbili mfululizo anaangalia Olimpiki kwenye tivii. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kaipata 2018 na timu, ya peke yake mita 1000 ni 2022, ana miaka 27. Kwa hiyo yule dogo wa kitambaa cheupe aliyeshika kichwa mwacheni kwanza.

mtazamaji_wa_usiku
Nimerudia video wakuu. Binti alikuwa anatoka leni ya ndani. Na mwenzie alinyanyuka kabisa mgongo, akavunja mwendo hatua mbili ili wasigongane, mara ya kwanza sikumwangalia yeye hata kidogo. Refa nakuomba radhi.

leni_ya_nje
Refa kakusikia. Upepo wa Collalbo bado nina kesi nao.