Kibali cha paking ni cha mkazi au cha namba ya gari? Nimepigwa faini nikiwa na gari la muda

Mkazi wa Kona
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tulijadili hili kwa uzito, maana linawagusa wengi wetu tunaoishi London kwenye mitaa ya vibali, ile ambayo huegeshi gari saa za kazi bila kibali cha kaunsili, yaani serikali ya mtaa.

Alhamisi ya wiki iliyopita niligongwa kwa nyuma kwenye taa. Gari langu likaenda gereji, na Ijumaa saa kumi na moja jioni watu wa bima wakaniletea gari la muda. Kijana aliyelileta alinisainisha kwa kidole kwenye simu yake, akanipa ufunguo wenye kibandiko cha njano, akaondoka. Usiku ule ule nikaingia kwenye akaunti yangu ya kaunsili kubadilisha namba. Mfumo ukataka nipakie barua ya bima yenye namba ya gari jipya na tarehe. Barua sina, nilichosaini kimebaki kwao. Saa 3:20 usiku nikawaandikia kaunsili imeili, nikaeleza yote, nikaambatisha picha ya gari na kibali changu.

Jumamosi na Jumapili mtaa wetu ni bure. Jumatatu natoka kwenda kazini nakuta mfuko wa plastiki umebandikwa kwenye kioo. Mvua inanyesha, waipa zimelowa, karatasi ndani kavu kabisa. Kosa namba 12, kuegesha sehemu ya wakazi bila kibali. Muda: saa 2:41 asubuhi. Mtaa unaanza kazi saa 2:30. Paundi 160, au 80 nikilipa ndani ya siku 14.

Kibali nimekilipia mwaka mzima. Gari langu halipo mtaani, kwa hiyo nafasi ninayochukua ni ile ile moja. Hakuna jirani aliyekosa pa kuegesha kwa ajili yangu. Mimi nasema kibali kiwe cha mkazi, maana anayelipa ni mkazi. Ninyi mnasemaje? Na je, nilipe hiyo 80 au nikate rufaa?

Mtoto wa Likoni
Pole sana ndugu kwa ajali. Lakini dawa ya deni ni kulipa. Lipa hiyo 80 ulale. Ukianza kuandikiana na kaunsili utamaliza miezi, na ukishindwa ni 160.

Mkazi wa Kona
Hili si deni, kaka. Deni ni cha mtu ulichokula. Mimi nimekula cha nani?

Shangazi wa Reading
Mwanangu, vocha za wageni, zile za kuegeshea gari la mtu aliyekutembelea, ulikuwa nazo? Huku kwetu gari la muda likija tunaliwekea vocha ya mgeni siku ya kwanza, halafu namba inabadilishwa kwa utaratibu. Gari lenyewe si mgeni hilo? Na faini zenu za London zinatisha. Kosa hilo hilo huku ni 70, ukiwahi ni 35.

Dereva wa Usiku
Mimi sikubaliani na kibali kuwa cha mtu. Mtaa niliokaa zamani vilikuwa vya karatasi, unaweka kwenye kioo. Jirani yangu alikuwa anaazimisha cha kwake kwa mtu anayefanya kazi stesheni. Kila asubuhi gari la mtu baki liko mlangoni kwangu, mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku nazunguka nusu saa natafuta pa kuweka. Namba ya gari haiazimishwi. Hilo nalisema kama mtu niliyeumia.

Mkazi wa Kona
Sasa mimi nimeazimisha nani? Unanifananisha na mtu anayeuza kibali?

Dereva wa Usiku
Sijakufananisha na yeyote. Nimesema kwa nini wamefunga kibali na namba.

Mama wa Mapacha
Kinachouma zaidi ya hiyo hela ni kwamba wanaotuandikia faini ni watu wetu. Mwaka jana nashusha watoto, mmoja analia, mwingine viatu vimevuka, anakuja mtu naona kabisa ni wa kwetu. Nikamsalimia kwa Kiswahili, nikamwambia kaka nipe dakika mbili. Akanitazama kama hanielewi, akaendelea kupiga picha. Ukimvisha mtu wetu sare amesahau kwao.

Sare ya Zamani
Dada, nimesoma mara tatu nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Nilivaa sare hiyo miaka minne. Nilianza wiki ya tano tangu nifike nchi hii, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonipokea. Sikusahau kwetu. Mshahara ule ndio uliomsomesha mdogo wangu Tanga.

Mnajua kilichomo kwenye kile kimashine? Unaingiza namba ya gari, kinakuambia ina kibali au haina. Hakikuambii mtu amegongwa Alhamisi, hakikuambii amelipia mwaka. Kaunsili wamepata imeili saa tatu usiku Ijumaa, mimi niko barabarani Jumatatu asubuhi, nitaijuaje? Na karatasi ikishatoka huwezi kuirudisha mfukoni. Ya kufuta inafutwa ofisini. Nimetemewa mate mtaani. Aliyenitemea nilimwamkia shikamoo.

Mama wa Mapacha
Pole kwa mate, hilo halifai na silitetei. Lakini sikuzungumzia wewe. Nimemzungumzia aliyenitazama kama sina lugha.

Sare ya Zamani
Umesema «mtu wetu akivaa sare amesahau kwao». Mimi ni mtu wenu na nilivaa. Na kama kweli ulikuwa unashusha watoto wachanga, dada, ulikuwa na haki ya kushinda. Kushusha na kupandisha abiria kunaruhusiwa sehemu nyingi, na mtoto mdogo anapewa muda zaidi kuliko mtu mzima. Ulikata rufaa?

Mama wa Mapacha
Nililipa. Nilikuwa na watoto wa miezi minane wawili. Nani angekaa kuandika barua?

Mtoto wa Likoni
Si ndiyo nilisema? Watu wanalipa.

Kijana wa Coventry
Hao nao wana kamisheni kwa kila tiketi, kila mtu anajua. Kwa nini unadhani alikuwa hapo saa 2:41, dakika kumi na moja baada ya kufungua?

Sare ya Zamani
Kamisheni sikuwahi kuiona hata senti. Mwongozo wa serikali unakataza mkaguzi au kampuni kulipwa kwa idadi ya tiketi. Tulipimwa kwa tiketi zilizofutwa kwa makosa yetu, kwa kuandika namba vibaya au picha kutoonyesha kibao. Asubuhi tunapita kwa sababu wakazi wenyewe wanapiga simu kulalamika magari ya wageni yamelala. Wanaopiga simu ni majirani zenu.

Mzee wa Barking
Wanangu, punguzeni moto. Nina miaka mingi hapa, nimeendesha basi, nimeosha vyombo, nimelinda maghala usiku. Hakuna kazi ya halali ya kumdharau mtu. Bibie, ungeandika tu «yule aliyeniudhi», basi. Na wewe kijana wa sare, huyu alikuwa mama wa watoto wawili mkononi. Aibu ya siku ile bado anayo. Semeaneni vizuri.

Mama wa Mapacha
Nimekusikia mzee, shikamoo. Lakini nasimama nilipo: salamu ilikuwa na haki ya kujibiwa, hata kama tiketi haikuwa na budi.

Sare ya Zamani
Hapo sina ubishi. Salamu hujibiwa.

Kijana wa Coventry
Turudi kwenye haki. Mahakama Kuu ilishasema faini hizi si halali. Kesi ya kaunsili ya Barnet, huko London, 2013. Kaunsili ilishindwa na mkazi. Mwambie hakimu hivyo tu, umemaliza.

Mwalimu wa Jumamosi
Ndugu, usimpeleke mwenzio mahali akaaibike. Kesi ya Barnet ipo kweli, na ni ya 2013 kweli, lakini haikuhusu faini. Kaunsili ilipandisha bei ya kibali cha mkazi kutoka paundi 40 hadi 100, na vocha ya mgeni kutoka 1 hadi 4, ili ipate hela za kazi nyingine za barabara. Mkazi akaenda mahakamani, jaji akasema sheria ya usimamizi wa barabara ya 1984 si ya kukusanyia mapato, ni ya kusimamia maegesho. Inafaa mjadala wa bei ya kibali. Faini yake haiihusu.

Kijana wa Coventry
Mapato ni mapato. Kama bei ya kibali haiwezi kuwa kitega uchumi, faini ya mtu mwenye kibali je?

Mwalimu wa Jumamosi
Swali zuri, na ningependa liulizwe bungeni. Lakini yeye ana siku kumi na nne, hana muda wa bunge.

Baba Shufaa
Mimi ushauri wangu ni tofauti. Usilipe, usiandike, tupa. Nilipata za namna hiyo tatu kwenye maegesho ya supamaketi, nikatupa zote. Barua zilikuja, baadaye zikakoma.

Sare ya Zamani
Usimsikilize hata kidogo! Zile za supamaketi ni za kampuni binafsi, zinadai kama mtu anavyodai mkataba. Zote mbili kwa kifupi zinaitwa PCN, basi watu wanachanganya. Ya kaunsili ni ya sheria. Ukikaa kimya inaongezeka nusu, 160 inakuwa 240. Halafu inasajiliwa kituo cha Northampton kama deni la mahakama, halafu madalali wa mahakama wako mlangoni na gharama zao juu. Nimeona mtu akichukuliwa gari kwa tiketi iliyoanza kama ya nusu bei.

Baba Shufaa
Sikujua tofauti hiyo. Ahsante, bwana.

Fundi wa Gereji
Samahani nachelewa, nimesoma yote. Mnabishana sare wakati kuna hatari hakuna aliyemwambia. Bwana Mkazi, hilo gari si lako. Kwenye kumbukumbu mwenye gari ni kampuni ya kukodisha. Usipojibu karatasi ya kwenye kioo, barua inayofuata, notisi kwa mwenye gari, inakwenda kwao. Wewe huioni. Hapo wana njia mbili: waseme gari lilikuwa mkononi mwako kwa mkataba, notisi ije upya kwa jina lako, au walipe wenyewe kisha wakukate kwenye kadi pamoja na ada ya usumbufu. Wakishalipa, kesi imekwisha na rufaa yako imekufa. Gereji yetu tunayaona haya kila mwezi, mteja analia hapa kaunta.

Mkazi wa Kona
Mungu wangu. Kijana yule alichukua kadi yangu siku ya kuniletea gari.

Fundi wa Gereji
Basi wapigie kesho asubuhi kabla ya chai. Waambie unapinga, wasilipe chochote. Na waombe mkataba, ndiyo ile barua uliyokosa Ijumaa.

Sare ya Zamani
Na pinga sasa hivi, usingoje notisi. Ukipinga ndani ya siku 14 wakakataa, kwa kawaida wanakupa tena nafasi ya kulipa nusu. Kwa hiyo kaka wa Likoni, kuandika hakumgharimu ile 80. Kinachomgharimu ni kukaa akibishana nasi.

Mtoto wa Likoni
Hilo sikulijua. Wangelikuwa wanaliandika wazi.

Mwalimu wa Jumamosi
Niongeze la baraza la rufaa, kwa London ni London Tribunals. Ni bure na unaweza kusikilizwa kwa simu. Lakini ujue: mwamuzi anaangalia kama kosa lilitendeka. Namba haikuwa na kibali, kwa karatasi kosa lipo. Huruma peke yake haitoshi yeye kufuta. Anachoweza, akiona kuna sababu nzito, ni kuirudisha kaunsili na kupendekeza waifute. Kwa hiyo barua yako ya kwanza ndiyo yenye nguvu, maana kaunsili wao wanaruhusiwa kufuta wakati wowote kwa hiari yao. Usiwatukane. Eleza saa 3:20.

Dereva wa Usiku
Na mimi niseme. Ningekuwa jirani yako ningekutetea. Ninachopinga ni kibali kisicho na namba. Wangeweka tu siku tatu za nafasi kwa gari la muda, mtu aandike namba mwenyewe halafu barua ifuate. Mwenye kudanganya atajulikana barua isipokuja.

Mkazi wa Kona
Hapo tumekutana, kaka. Samahani kwa kukujibu vile mwanzoni, nilikuwa na hasira za Jumatatu.

Shangazi wa Reading
Lakini mwanangu, swali langu la vocha hukulijibu.

Mkazi wa Kona
Shangazi, nilikuwa nazo. Nne zimebaki kwenye akaunti. Sikuzifikiria kabisa, kichwa kilikuwa kwenye shingo iliyokuwa inaniuma na barua nisiyokuwa nayo.

Shangazi wa Reading
Basi weka moja usiku huu kabla ya kulala. Kesho si Jumatano?

Mkazi wa Kona
Nimeweka. Na nimetuma pingamizi saa tano kasoro: imeili ya Ijumaa yenye muda wake, kibali changu, barua ya polisi ya ajali, picha ya gari langu likiwa juu ya lori la kuvuta. Mkataba nitauongeza kesho wakiniletea.

Kijana wa Coventry
Barnet umeitaja?

Mkazi wa Kona
Sikuitaja.

Mama wa Mapacha
Sare ya Zamani, nauliza kwa wema. Tiketi yangu ya mwaka jana niliyolipa, inaweza kufunguliwa tena?

Sare ya Zamani
Ukishalipa imefungwa, dada. Pole sana. Ila ikitokea tena niandikie hapa hapa, barua nitakuandikia mimi.