Ujerumani: Chancenkarte (kibali cha kwenda kutafuta kazi) au Ausbildung (mafunzo ya ufundi kazini)?

Habari wakuu, nina diploma ya umeme ya miaka mitatu na Kijerumani nimefika A2 (ngazi ya pili kati ya sita), nataka kwenda Ujerumani ila sijui niombe kibali gani, msaada tafadhali.

— Mkuu, Chancenkarte ilianza Juni 2024, unapewa mwaka mmoja utafute kazi ukiwa hukohuko na kibarua ruksa masaa 20 kwa wiki, lakini ufikishe pointi 6 (za elimu, uzoefu, lugha na kadhalika) na uonyeshe hela ya kujikimu, hapo kwenye hela ndo wengi wanakwama.

— Mi nashauri Ausbildung, unalipwa huku unasoma, ila panda hadi B1 ya Kijerumani na upate mkataba kabla ya viza. Dalali usimpe hata senti!

— Nikimaliza Ausbildung naruhusiwa kubaki?

— Ndio, ukipata kazi ya fani yako unabadilishiwa kibali.