Acheni kumgeuza mzee Santiago kuwa spika wa semina, wengi wenu kile kitabu hamjakimaliza

Wakuu habari zenu, nimekuja hapa nimefura kwelikweli kwahiyo mwenye kutafuta uzi wa kupoza moyo apite kushoto.

Naongelea The Old Man and the Sea ya Hemingway, kile kitabu chembamba cha 1952 cha mzee Santiago, mvuvi wa Cuba aliyeenda baharini siku 84 mfululizo akarudi mikono mitupu, siku ya 85 akaenda mbali kuliko wenzake wote akanasa nduwaro (marlin, samaki mwenye mdomo kama upanga) wa futi 18, wakavutana mpaka siku ya tatu, akamuua, halafu papa wakamla njiani mzee akafika nyumbani na mifupa. Hadithi yote ndo hiyo na sijamharibia mtu uhondo, kitabu kina zaidi ya miaka 70, jarida la Life lilikichapa kizima kwenye toleo moja Septemba 1952 na nakala zaidi ya milioni 5 zikaisha ndani ya siku mbili. Kwahiyo kusomwa kimesomwa. Ninachogombania mimi ni mmekisomaje.

Tuanze na ule mstari wenu. Mnaujua, upo kwenye stetasi, upo kwenye fulana, upo kwenye zile picha za kijana amesimama juu ya mlima jua linachomoza, kwamba binadamu anaweza kuangamizwa lakini hawezi kushindwa. Sawa, umo kitabuni, mzee kausema kwa mdomo wake. Sasa niambieni kausema saa ngapi? Maana hapo ndo mnapoumbuka. Kausema baada ya papa wa kwanza. Mmoja tu! Samaki bado karibu mzima kafungwa ubavuni mwa mashua, papa kang'oa kama kilo 18 za nyama na kuzama na chusa pamoja na kamba yake yote. Mzee akasema hayo maneno yenu, halafu palepale, hata hajavuta pumzi, anawaza kwamba anasikitika amemuua yule samaki, na kwamba sasa shida ndo inakuja na yeye hata chusa hana. Hiyo sehemu ya pili hamuibandiki, eti kwa sababu haiendani na picha ya mlima.

Baada ya hapo wakaja papa wengine, akafunga kisu kwenye kasia akapigana nao, kisu kikavunjika, akachukua rungu, rungu likaenda, akang'oa kana ya usukani akapiga nayo mpaka ikavunjika, na ilipofika usiku hakuna cha kuokoa tena. Sasa ruka mpaka kurasa za mwisho kabisa. Mzee yuko kitandani kwake mikono imechanikachanika, dogo Manolin, aliyekuwa anavua naye zamani, kakaa pembeni na kahawa kwenye kopo. Mzee anamwambia nini? Anamwambia wamenishinda, Manolin, wamenishinda kweli. Dogo anamwambia lakini yule samaki hakukushinda, mzee anakubali, anasema kweli, ilikuwa baadae. Yaani mwenye hadithi yake kakiri kwa mdomo wake kwamba kapigwa, wewe uliyekula biskuti za semina unabisha hakushindwa, wewe ulikuwepo kwenye mashua?

Kilichonipandisha hasira hasa ni hiki. Kazini kwangu, sitasema ni wapi, walituletea spika wa kulipwa. Mshahara wa mwezi uliopita haujaingia, posho ya nauli ilishafutwa kimyakimya, tumepangwa kwenye viti vya plastiki tunaambiwa muwe kama Santiago jamani, siku 84 hakulalamika! Watu wanaandika. Bosi kakaa mbele anatikisa kichwa kama kinyonga juu ya tawi. Nikanyoosha mkono nikamuuliza spika, hivi unakumbuka katika hizo siku 84 nani alikuwa anamlisha huyo mzee? Akasema swali zuri sana, tutalirudia mwishoni. Mwishoni ikawa picha ya pamoja.

Basi ngoja nilijibu mimi hapa, kwa faida ya wote.

Mzee nyumbani kwake hana chakula. Kuna pale dogo anamuuliza una nini cha kula, mzee anasema sufuria ya wali na samaki, dogo anajua fika hakuna wali wala sufuria ya wali, anaomba achukue kimia akavue dagaa na kimia chenyewe walishakiuza zamani, na mwandishi anatuambia haya maigizo wanayafanya kila siku. Kila siku jamani! Wanatunziana heshima. Halafu dogo anatoka anarudi na maharage meusi, wali, ndizi za kukaanga na mchuzi, na bia mbili juu, vyote vimetolewa na Martin mwenye mgahawa wa pale kijijini. Na dogo mwenyewe anajilaumu moyoni, anawaza ningemletea maji hapa, na sabuni, na taulo, na shati lingine, na koti la baridi, na viatu, na blanketi. Mtoto ndo anawaza hayo. Hao wazazi wake ndo waliomtoa kwenye mashua ya mzee baada ya siku 40 za kwanza bila samaki, wakampeleka kwa mvuvi mwingine mwenye bahati, nao siwalaumu sana, maskini hapeleki mtoto kwenye chombo kisicholeta kitu.

Na subirini nimalizie, hii ndo niliyotaka kumwambia spika. Yule nduwaro kala chambo cha nani? Mzee alitoka na mishipi minne, miwili ya chini kabisa, wa pima 100 na wa pima 125, iliwekewa jodari wadogo wabichi aliopewa na Manolin, ndoana zikafunikwa na dagaa wa Manolin huyohuyo. Samaki akauma kwenye pima 100. Kwahiyo mnayempa hongera ya "alifanya peke yake" alivua kwa chambo cha kupewa, tumboni kahawa ya alfajiri aliyokunywa na dogo, chakula cha mchana hakubeba kabisa, chupa moja ya maji. Na tangu samaki aume mpaka mwisho anarudia kwa sauti, sio mara moja sio mbili, laiti ningekuwa na yule dogo. Anarudia usiku, anarudia mchana, mkono wa kushoto umekaza kwa mshtuko wa misuli anarudia. Hicho kilio kinajirudia kuliko ule mstari wenu wa fulana na hamna hata mmoja wenu aliyekiweka stetasi.

Nikija kwa kundi la pili, wale wa "mzee mjinga, si angekata kamba aondoke zake", "si angeufunga mshipi kwenye mashua alale", "si angempakia samaki ndani papa wasimfikie". Nyie mnanifanya nicheke na kukasirika kwa pamoja. Mshipi ukiufunga kwenye chombo samaki wa ukubwa ule akichapa mara moja unakatika, ndo maana kaubeba mgongoni, mwili wake ndo unaachia kidogo pale samaki anapovuta. Kumpakia? Samaki ni mrefu kuliko mashua kwa futi mbili! Mzee mwenyewe kalifikiria, anasema hata tungekuwa wawili, tuizamishe mashua ijae maji tumwingize halafu tuyachote maji, bado isingembeba. Kitu kimeandikwa wazi na wewe unauliza kana kwamba umegundua mwandishi amesahau.

Na kukata kamba, sawa, hapo una hoja ukiwa umeshiba. Mzee anapiga hesabu palepale baharini, ratili zaidi ya 1500, theluthi mbili nyama safi, senti 30 kwa ratili, anasema hapa ningehitaji penseli. Pigeni nyie wenye kalkuleta, ni kama dola 300 za wakati ule kwa mtu mwenye tanga lililotiwa viraka vya magunia ya unga. Halafu mnasema hadithi haina matukio! Mtu anaona dola 300 zinaliwa kipande kwa kipande pembeni ya goti lake, anajua kila kipande ni shilingi ngapi, hilo sio tukio mnataka lipi, mabomu?

Wale wa "kinaboa" tu bila maelezo sina ugomvi nao, kila mtu na pumzi yake. Kuna kurasa pale katikati mzee anakula jodari mbichi bila chumvi wala ndimu, na hata mimi nilitamani asonge mbele.

Ila kuna mmoja huko kwenye kundi letu la vitabu la WhatsApp alinimaliza. Anasema wale simba anaowaota mzee maana yake ni "maono makubwa", eti hata sisi tuandike simba wetu kwenye karatasi tubandike ukutani. Ndugu yangu, mzee anawaota simba wanacheza ufukweni Afrika, aliwaona akiwa kijana mdogo baharia kwenye meli ya matanga, na kitabu kinasema kabisa kwamba siku hizi haoti tena dhoruba, haoti wanawake, haoti samaki wakubwa, haoti ngumi wala kushindana nguvu, hata marehemu mke wake hamwoti. Sehemu mbalimbali tu na hao simba, wanacheza kama paka jioni. Ndoto hiyo ya mzee haina mashindano ndani yake, na wewe umeigeuza malengo ya robo mwaka.

Mtasema mimi nalazimisha maana yangu. Hemingway mwenyewe mwaka huohuo 1952 alimwandikia barua Bernard Berenson, mtaalamu wa historia ya sanaa, akasema humo hamna mafumbo, bahari ni bahari, mzee ni mzee, papa ni papa. Mimi hapo simwamini moja kwa moja, maana ni yeye aliyeandika mzee anatoa sauti kama ya mtu anayepigiliwa msumari kupitia kiganja mpaka kwenye mbao, na akampandisha kilima na mlingoti begani akianguka njiani, kwahiyo wanaoona msalaba hawajaota. Lakini hata hao wa msalaba angalau wamesoma mpaka mwisho.

Na kama mnataka kujua habari ilitoka wapi, miaka mingi kabla, Aprili 1936, Hemingway aliandika kwenye jarida la Esquire habari ya mzee mmoja aliyekuwa anavua peke yake nje ya Cabañas huko Cuba, nduwaro akamburuta mbali, baada ya siku mbili wavuvi wakamwokota maili 60 mashariki, kilichobaki cha samaki hakifiki nusu na bado kilikuwa ratili 800. Walimkuta analia ndani ya mashua, karibu apoteze akili kwa hasara, papa bado wanazunguka. Analia jamani. Huyo ndo babu wa stetasi zenu.

EDIT: naona komenti zimeshaanza kumiminika. Anayeniuliza "kwahiyo unataka watu wakate tamaa?" hapana mkuu, soma tena taratibu. Mzee hakukata tamaa na mimi namvulia kofia kwa hilo. Nasema yeye mwenyewe anajua alikosea wapi na anamwambia samaki aliyebaki nusu, nisamehe, nilienda mbali mno, nimetuharibia sote wawili. Spika wako anakwambia nenda mbali zaidi.

EDIT 2: aliyesema "mwisho wa siku hakupata kitu" naye asome mwisho. Kijiji kilimtafuta, askari wa pwani na ndege vilitoka. Kichwa cha samaki kakichukua Pedrico awekee mitego. Upanga wa mdomo kapewa dogo. Na dogo kaamua, wazazi watake wasitake, anarudi kwenye mashua ya mzee, na hawakai kuambiana maneno ya ushujaa, wanapanga mkuki mpya, ubapa wake utachongwa kwenye springi ya Ford kuukuu, wakaunoe mjini Guanabacoa. Hiyo bandikeni kwenye fulana tuone kama itauzika.

Anayebisha aje na kitabu mkononi, sio na picha ya mlima. Na mods nawaomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la ujasiriamali, kule ndo wamejaa.