Mrejesho: Maombi yangu ya uzamili wa ushauri wa kichungaji

Wapendwa, mwezi wa tatu niliuliza kama mwenye shahada ya ualimu, asiyesoma theolojia, anaweza kuomba uzamili wa ushauri wa kichungaji. Nimekubaliwa, ila kwanza nisome kozi za awali za theolojia (na nilivyokuwa nikijidai kuijua Biblia!). Barua ya mchungaji wa usharika niliipata siku moja. Ya mwajiri ilinizungusha wiki tatu.

Usaili ndio ulionitoa jasho. Sikuulizwa aya hata moja. Waliniuliza, ulipofiwa na mama ulilia na nani? Machozi yakanitoka palepale, nikajua nafasi imekwenda. Kumbe sivyo. Wakanieleza mafunzo ya hospitalini: unazungumza na mgonjwa, ukirudi unayaandika mazungumzo neno kwa neno, jina umelificha, kisha wenzako na msimamizi wanayachambua, wanakuonyesha ulipokimbilia kusali kwa sababu wewe ndiye uliyeuogopa ukimya.

Aliyenishauri nihakiki chuo TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kulipa chochote, asante sana. Chuo nilichokipenda mwanzoni hakikuwa na ithibati.

Naanza Oktoba. Ada bado nusu.