Alama za "weledi" zinatumika kuwaengua wanafunzi, na wasimamizi wanajua

Wakuu, hili nimelivumilia mpaka limenishinda.

Aliyepitia mafunzo ya udaktari, uuguzi, sheria au ualimu anaijua fomu ya tathmini. Maarifa yana mtihani. Ujuzi unaonekana kwenye kazi uliyoifanya mbele ya msimamizi. Halafu kinakuja kipengele cha weledi, yaani mwenendo na mwonekano wa kitaaluma, na hapo msimamizi hana kipimo zaidi ya moyo wake. Anaandika "hana mwonekano wa kitaaluma", anasaini, basi. Hasemi umekosea nini wala nani ameumia.

Nimeshuhudia mwenzetu mwenye kigugumizi, ambaye wagonjwa walimwelewa na kumpenda, akiandikiwa "hajiamini". Mwingine akaambiwa arekebishe lafudhi kwanza ndipo aonane na wateja. Mimi niliambiwa nywele zangu zinaharibu sura ya taaluma, na aliyeniambia hakuwahi kuilalamikia kazi yangu. Ukijitetea, unaongezewa: "hapokei ushauri". Ukinyamaza, umekubali kosa. Unapita wapi hapo?

Na msituletee habari za kumlinda mgonjwa. Kanuni yenye sababu tunaitambua na tunaifuata. Hospitali za umma Uingereza zilitaka mikono iwe wazi chini ya kiwiko ili kuzuia maambukizi, wanawake Waislamu wanaojisitiri wakabanwa. Mwaka 2010 mwongozo ukafafanuliwa, ikaruhusiwa mikono ya nguo ya kuvaa mara moja na kutupa. Usafi umebaki, na mtu amebaki na dini yake. Wakubwa wakitaka, njia inapatikana.

Sasa rasta, zile za dread, zinamdhuru nani? Jeshi la nchi kavu la Marekani liliwakataza wanajeshi wanawake kuwa nazo, mwaka 2017 likaziruhusu, na vichwa ni vilevile. Mwaka 2019 jimbo la California likalazimika kutunga sheria ya kuzuia ubaguzi wa nywele za asili kazini na shuleni. Sheria nzima, kwa sababu ya nywele!

Kuna jarida la upasuaji wa mishipa ya damu lililochapisha utafiti ambao ndani yake madaktari vijana walipekuliwa kurasa zao za mitandaoni, na picha ya bikini ikahesabiwa kuwa dosari ya kitaaluma. Mwaka 2020 madaktari wanawake wakaja juu, wakajaza mitandao kwa picha zao za ufukweni, utafiti ukaondolewa. Lakini kabla ya hapo wahariri walikuwa wameupitisha bila kuona tatizo. Watu wa namna hiyo ndio wanaotusainia fomu.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: daktari bingwa anayemtukana muuguzi mbele ya mgonjwa, anayerusha vifaa, anayemfokea mwanafunzi hadi analia, yeye husemwa "mkali, ila kazi anaijua". Huyo hana fomu. Weledi wake hauhojiwi na mtu, ilhali huyo ndiye anayewafanya watu waogope kusema dawa imekosewa.

Ninachodai ni kidogo. Msimamizi anayetaka kumwangusha mwanafunzi kwa weledi aandike tendo, siku lilipotokea, na madhara yake kwa mgonjwa au mteja. Shahidi aliyekuwepo asome. Akikosa cha kuandika, alama ifutwe na mwanafunzi asonge mbele.

Wasimamizi mliomo humu, jibuni bila kuzunguka: ni lini mlimwandikia ripoti bosi mwenzenu kwa matusi yake?