Kompyuta yangu haijafa, ila kuna mafundi mnataka kuizika

Wakuu, hasira hizi nimezibeba wiki nzima na leo nazimwaga hapa. Kama huna kifua, pita uzi mwingine.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi, Morogoro. Nachapa, naprinti, natoa kopi, nawajazia vijana fomu za mikopo na maombi ya ajira. Kazi yote hiyo inabebwa na Dell OptiPlex 780 niliyoinunua mtumba Kariakoo mwaka 2014. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core 2 Duo E8400, 3.0 GHz; RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4. Imenisomeshea watoto wawili. Imewahi kuungua pawa saplai mara moja tu, tena kosa lilikuwa la umeme, si lake.

Mwaka huu ikageuka kobe. Ukiiwasha, nenda kanywe chai urudi. Ukifungua kurasa tatu kwenye braoza, kila kitu kinaganda. Ukichungulia unakuta diski inatumika asilimia 100 na wewe hujagusa kitu. Kisha likaja jipya: kila tovuti inagoma, inasema muunganisho si salama. Mteja amekaa hapo pembeni, maombi yanafungwa saa sita usiku, mimi jasho linanitoka.

Nikaita fundi. Jina lake nalihifadhi. Akabonyezabonyeza dakika tano, akatoa hukumu: "Mzee, motherboard, ile bodi kuu, inaondoka hii. Na RAM haitoshi." Akaniuzia RAM GB 4 nyingine kwa elfu 30, na kupiga Windows upya elfu 20. Nikalipa. Kesho yake kobe ni yuleyule. Kumpigia simu, ananijibu kwa sauti ya daktari anayewaambia ndugu wamchukue mgonjwa wao nyumbani: "Si nilikwambia imekufa? Nina mashine nzuri dukani, laki sita na nusu nakuachia."

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuo, wikiendi akapita dukani. Akafungua taarifa za mfumo, akaniita: "Anko, hebu soma hapa." Imeandikwa RAM GB 8, zinazotumika 3 na ushee. Wakuu, fundi kanipigia Windows ya biti 32! Hiyo mwisho wake ni GB 4, na humohumo vifaa vingine vinajimegea nafasi zao. Ningeweka hata GB 16 ingekuwa yaleyale. Na prosesa yangu ni ya biti 64 tangu inazaliwa! Mtu kaniuzia siti ya nne kwenye bodaboda, na risiti hakunipa.

Ule ugomvi wa tovuti je? Betri ya saa. Ile bapa kama sarafu, CR2032, ilikuwa imeisha. Kila umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko zama zile inaviona batili na kugoma. Shilingi 1,500. Hiyo ndiyo "motherboard inaondoka".

Kilichokuwa kinaua mwendo ni diski ya kuzunguka, ya tangu inanunuliwa. Tumeitoa, tumeweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240 kwa elfu 65, tukapiga Windows 10 ya biti 64. Sasa inawaka kabla sijavuta kiti. Elfu 66 na mia tano, wakuu, dhidi ya laki sita na nusu. Na muda wote huo yule bwana hakulitaja neno diski hata mara moja.

Ila wenye mifumo nao wana lao. Nilikuwa na Windows 7 yangu nimetulia, braoza ya Chrome kwa Windows hiyo ikaishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, nikahamia 10 bila kupenda. Haya, 10 nayo msaada wake ukafikia kikomo 14 Oktoba 2025. Kuna mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya usalama, unaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, kijichipu cha usalama, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Yangu ina TPM 1.2. Yote hayo ili niandike barua ya posa!

Na kabla hamjaja na "tumia Rufus, ile programu ya kuandaa flashi ya Windows, uruke ukaguzi": kuanzia toleo la 24H2 Windows 11 inadai amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo hazina. Haiwaki, ujanja umeishia hapo. Wenye Core i5 za kizazi cha 2 na cha 3 mnaweza kuendelea kudanganya, sisi wengine hapana.

Mpwa kaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, pembeni ya Windows, nachagua wakati wa kuwasha. Sitaki kuisema vibaya, ni nyepesi. Printa yangu ya LaserJet P1102 ilidai kwanza kiongezo kutoka intaneti, ikapewa, ikakubali. Kinachonikwamisha ni kadi za michango ya harusi. Zote nimezitengeneza kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, mamia ya mafaili. LibreOffice, programu ya ofisi ya humo Linux, inayafungua, lakini jina la bibi harusi linakimbilia juu ya ua na namba ya mweka hazina inapotelea chini ya ukurasa. Halafu nasikia Publisher yenyewe inazikwa hiyohiyo Oktoba 2026. Mwenye njia ya kuyahamisha mafaili hayo bila kuchora upya moja moja aniambie, msimu wa harusi uko mlangoni.

Na wewe fundi, najua humu unaingia, wewe mwenyewe ulinionyesha uzi wa bei za laptop. RAM nabaki nayo, sasa inafanya kazi yote. Ile elfu 20 ya Windows ya biti 32 naisubiri mpaka Ijumaa.